Rangi Ambayo Jua Halikuiona

Fundi anayeijua kazi hii haanzi na mlango wala boneti. Anaanza kwa kulala chali chini ya dashibodi, tochi mkononi, akifungua skrubu zinazoshika ile droo ndogo ya upande wa abiria. Droo ikitoka, nyuma yake kuna bati ambalo huenda halijaguswa tangu gari lilipotoka kiwandani miaka hamsini, sitini au zaidi iliyopita. Hapo jua halikufika. Hapakusuguliwa kwa sabuni, hapakupigwa nta, wala hapakupulizwa rangi ya pili na mtu aliyelinunua gari kwa bei nafuu akataka lifanane na la jirani. Alama ya rangi iliyobaki hapo yaweza kuwa pana kama kiganja, yaweza kuwa ndogo kama sarafu. Fundi anaitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema neno.

Ninawazungumzia mafundi wa Marekani wanaofufua magari ya zamani ya nchi yao: Chevrolet za miaka ya 1950 zenye mapezi nyuma kama papa, Mustang za miaka ya 1960, Dodge na Plymouth za mwaka 1970 zenye rangi kali kama peremende. Ufufuaji wa gari una kazi nyingi, na kila kazi ina mabingwa wake. Wapo wa injini, wapo wa viti, wapo wanaonyoosha bati mpaka kiganja kikipita juu yake hakihisi kitu. Mimi moyo wangu uko kwa hawa wa rangi, hasa kwa sehemu ya kazi yao inayofanyika kabla tone la kwanza halijapulizwa, yaani kule kutafuta. Gari hili, siku lilipotoka kiwandani, lilikuwa na rangi gani hasa? Swali linaonekana dogo, na kila ninapolifuata linazaa lingine.

Kiswahili huita rangi kwa vitu tunavyovishika kila siku. Kijani ni majani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, na mtu akisema damu ya mzee hakuna anayeuliza ni nyekundu ya namna gani. Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, nayo iliita rangi zake kwa vitu, ila ilikwenda kuvichukua mbali. Ford za mwaka 1965 zilikuwa na Wimbledon White, kwa jina la viwanja vya tenisi vya Uingereza, na Rangoon Red, kwa jina la mji wa Burma. Chevrolet za 1957 zilikuwa na Larkspur Blue, Surf Green, Canyon Coral, Sierra Gold, Inca Silver. Ni majina matamu kuyatamka, na ninakiri yananivuta, lakini hayamsaidii mtu mwenye kopo mkononi. Yalibuniwa kwa ajili ya mnunuzi aliyesimama kwenye duka la magari. Chrysler ndiyo iliyoonyesha wazi jinsi jina lilivyo vazi tu. Zambarau moja ya mwaka 1970 iliitwa Plum Crazy ikiwa kwenye Dodge na In-Violet ikiwa kwenye Plymouth. Waridi kali iliitwa Panther Pink huku na Moulin Rouge kule. Rangi ni ileile. Fundi haulizi jina. Anauliza FC7, anauliza FM3, kwa sababu herufi na namba hizo ndizo zilizosomwa na mtu aliyesimama na bunduki ya rangi kiwandani.

Ili kuelewa kwa nini kutafuta huku kuna uzito, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwanzoni rangi ya gari ilikuwa mwendelezo wa rangi ya magari ya farasi. Ilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, ikasubiriwa ikauke, ikasuguliwa, ikapigwa vanishi, ikasubiriwa tena. Gari la kifahari liliweza kukaa wiki kadhaa katika chumba cha rangi. Henry Ford hakuwa na nafasi ya kusubiri hivyo. Kuanzia 1914 hadi 1925 gari lake la Model T lilitoka kwa rangi moja tu, nyeusi, iliyokaushwa kwa joto la tanuri. Kisha mwaka 1923 kampuni ya DuPont ikaleta Duco, laka ya nitroselulosi iliyoweza kupulizwa kwa bunduki na kukauka kwa saa badala ya siku. Magari ya Oakland ya mwaka 1924 ndiyo yaliyotangulia kuivaa, kwa buluu waliyoiita True Blue. Ghafla rangi ikawa jambo la kuchagua. Mwaka 1926 Model T yenyewe ikarudi kwenye rangi nyingine, na mwaka 1927 General Motors ikafungua idara ya sanaa na rangi, ikamkabidhi mbunifu Harley Earl. Tangu hapo kila mwaka mpya ulikuja na orodha mpya, na kila orodha ni mlango ambao fundi wa leo anapaswa kuufungua kwa ufunguo wake.

Ufunguo wa kwanza ni kibati. Kwenye magari ya General Motors kibati hicho kimepigwa riveti juu ya bati linalotenganisha injini na abiria. Ukifungua boneti ya Camaro ya 1969 ukakuta 72 imeandikwa mara mbili, ujue chini na juu gari lilikuwa Hugger Orange, lile chungwa linalowaka. Ukikuta 57, ni Fathom Green, kijani ya kina kirefu ambayo kivulini hukaribia weusi. Ford waliweka kibati chao kwenye mlango wa dereva, na kwenye Mustang ya 1965 herufi moja ilitosha: A ni nyeusi ya Raven Black, J ni Rangoon Red, M ni Wimbledon White. Mustang yenye namba ya kwanza kabisa, 5F08F100001, iliyo katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn, ni nyeupe hiyo ya M. Chrysler walipiga maandishi yao kwenye bati dogo ndani ya madigadi ya kushoto, chini ya boneti, na ziada ya hapo kulikuwa na karatasi ya maagizo iliyofuata gari kiwandani kote. Wafanyakazi mara nyingi waliiacha humohumo ndani ya gari. Mafundi huikuta leo kwenye springi za kiti cha nyuma, imetafunwa na panya pembeni, na wanaifungua kwa vidole vya taratibu kama watu wanaofunua hati ya kale.

Lakini kibati nacho kina mipaka yake. Herufi hazikudumu na maana moja. Kwa Ford, D ya mwaka 1965 ni Dynasty Green. D ya mwaka 1967 ni Acapulco Blue. Anayesoma herufi bila kusoma mwaka atapiga kijani gari lililozaliwa la buluu. Na kwa kuwa kibati cha Ford kiko mlangoni, na milango ya magari hugongwa na kubadilishwa, kibati unachokisoma chaweza kuwa cha gari jingine lililokufa zamani kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Hapo fundi analinganisha namba ya kibati na namba iliyochongwa kwenye bodi lenyewe kabla ya kuamini chochote.

Kuna vibati vinavyonyamaza, na hivi ndivyo ninavyovipenda zaidi. Mteja wa miaka ile aliweza kuagiza rangi isiyo kwenye orodha: taasisi iliyotaka magari yake yote yafanane, au muuzaji aliyetaka gari moja la kuvutia macho dirishani. Kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuandika "rangi nyingine". Ford waliacha nafasi ya rangi wazi, wakaandika namba za oda maalumu pembeni. Chrysler waliandika 999. General Motors, kwenye Camaro, waliweka vistari mahali pa namba. Fundi akikutana na uwazi, na 999, au na vistari, anajua gari lilikuwa na rangi ya pekee, na anajua pia kwamba kibati hakitamwambia ni ipi. Corvette za mwanzo zina ukimya mrefu zaidi: hadi 1962 hazikuwa na kibati cha rangi kabisa. Zile 300 za mwaka 1953 hazisumbui, kwa kuwa zote zilitoka kiwanda cha Flint zikiwa nyeupe, Polo White, na ndani nyekundu. Za miaka iliyofuata zinamlazimisha fundi kurudi kwenye bodi lenyewe. Bodi la Corvette si bati, ni nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi ngumu, na rangi juu yake ina tabia zake.

Kwa hiyo tunarudi mahali tulipoanzia, kwenye maficho. Kila fundi ana orodha yake kichwani. Chini ya vibamba vya mlangoni ambapo viatu hukanyaga. Nyuma ya gasketi za taa za nyuma. Chini ya nembo, ambapo nembo ikibanduliwa huacha kivuli chake kwa rangi ya ujana. Ndani ya buti, nyuma ya ubao wa karatasi ngumu. Chini ya vichwa vya bolti za madigadi. Kwenye magari ya rangi mbili ya miaka ya 1950, chini ya ule utepe wa chuma unaong'aa ubavuni: ukiubandua unaona mahali rangi mbili zilipokutana, mstari usionyooka sana, na unaweza kusema ipi ilipulizwa kwanza na ipi ikaja juu yake. Ule unadhifu unaouona nje ulitegemea utepe kuficha ukingo. Fundi mzuri ataurudisha ukingo huo kama ulivyokuwa, ingawa akishafunga utepe hakuna atakayeuona.

Pale ambapo hakuna maficho yaliyosalimika, kuna msasa. Fundi anachukua msasa wa maji, ule mwembamba kabisa, anaulowanisha na kusugua mahali padogo kwenye paa au ndani ya ukingo wa mlango, kwa mzunguko, kwa shinikizo la kidole kimoja. Tabaka za juu zinaanza kuliwa katikati. Baada ya muda kunajitokeza duara ndani ya duara, kama mti uliokatwa: nje kabisa nyekundu ya mwenye gari wa mwisho, ndani yake praima ya kijivu, kisha nyeupe ya mtu wa kabla yake, kisha praima nyingine, halafu utepe mwembamba wa samawati, na chini ya samawati ile praima ya kiwanda na bati tupu. Samawati hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Historia nzima ya wenye gari imelala pale katika upana wa kifuniko cha soda, na nadhani hakuna cheti cha umiliki kinachosema wazi hivyo.

Kipimo cha kitambaa kinafuata. General Motors walishikilia laka: kwanza ya nitroselulosi, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 wakahamia laka ya akriliki. Ford na Chrysler walikwenda na enameli. Laka hukauka kwa thina kuruka hewani, kwa hiyo thina ikirudi, laka inayeyuka tena. Enameli hukomaa, na ikikomaa hairudi nyuma. Fundi anagusa samawati ile kwa kitambaa cheupe chenye thina kidogo. Kitambaa kikitoka na rangi kwenye Chevrolet, vyema, inaelekea kuwa ya kiwandani. Rangi ikigoma kuyeyuka, wasiwasi unaanza: labda tabaka hili nalo lilipigwa na gereji fulani, na la asili lilishakwanguliwa lote. Kwenye Ford hukumu inageuka kinyume. Ni kipimo kidogo, cha senti chache, na kimeokoa watu wengi wasipoteze mwaka mzima wakifuata rangi ya uongo.

Ingependeza kusema kwamba rangi iliyofichwa husema kweli daima. Haisemi. Nyekundu iliyokaa juani hufifia ikawa kama matofali, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba enameli za zamani zenye asili ya mafuta hugeuka njano zikikaa gizani. Nyeupe iliyojificha miaka sitini nyuma ya droo yaweza kutoka na rangi ya maziwa ya mtindi, na kijana mwenye haraka akaipima, akaichanganya hivyo hivyo, akalitoa gari likiwa na weupe ambao kiwanda hakikuwahi kuupuliza. Wajuzi hung'arisha sehemu ndogo kwanza ili kuondoa ngozi ya juu iliyozeeka, na rangi za enameli nyeupe huziacha zione mwanga kwa siku kadhaa kabla ya kuzipima. Kisha wanatafuta shahidi mwingine.

Shahidi huyo ni kitabu cha vipande. Kampuni zilizotengeneza rangi, DuPont, Ditzler na Rinshed-Mason zikiwa maarufu kati yao, zilitoa kila mwaka kurasa za vipande vidogo kwa ajili ya magereji yaliyokuwa yakitengeneza magari yaliyogongwa. Vipande vya kurasa hizo havikuchapwa kwa wino. Vilipakwa rangi ya kweli, vikakatwa, vikagundishwa, chini yake namba ya kuchanganyia. Kurasa zilizofungwa droo ikafungwa zimehifadhi rangi vizuri ajabu, na ndiyo maana watu huzinunua mnadani kwa bei ya vitu vya thamani. Vilevile kuna maktaba zinazolinda kumbukumbu za enzi hiyo: Hagley huko Delaware inayo nyaraka za DuPont, kituo cha Benson Ford huko Dearborn kinazo za Ford, na maktaba ya umma ya Detroit ina mkusanyo mzima wa historia ya magari. Mtu wa gereji, mwenye vumbi la msasa kwenye nyusi, huketi humo na glavu nyeupe akifunua kurasa.

Sasa anayo namba ya mchanganyiko, na ungesema kazi imekwisha. Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Mchanganyiko wa mwaka 1957 au 1969 uliandikwa kwa unga wa rangi wa wakati ule, na mwingi wa unga huo hautengenezwi tena. Njano na machungwa nyingi zilipata ukali wake kutoka kwenye kromati ya risasi. Risasi ni sumu, na ni haki imeondolewa, simlilii. Lakini ilikuwa na uwezo wa kufunika bati na kuwaka kwa namna ambayo unga mwingine unaiiga kwa shida. Fundi anayetaka kuirudisha machungwa ile analazimika kuijenga upya kwa vitu ambavyo kiwanda hakikuvitumia, kama mpishi aliyeambiwa apike pilau ya bibi yake bila bizari.

Na vitu tofauti hutoa rangi inayofanana kwa hila. Nje, asubuhi, sampuli mpya na bati la zamani vinalingana kama mapacha. Jioni, chini ya taa za gereji, kimoja kimeelekea wekundu na kingine kimebaki. Wataalamu huliita jambo hili metamerizimu: unga wa aina mbili unaweza kurudisha mwanga kwa namna mbili, macho yakajumlisha na kuona kitu kimoja, mpaka taa ibadilike na jumla zitofautiane. Kipo chombo cha spektrofotometa kinachopima mwanga unaorudi na kupendekeza mchanganyiko, na mafundi wengi hukitumia kama mwanzo wa safari. Kinafika karibu. Kumalizia ni kazi ya jicho.

Nimeitazama kazi hiyo ya kumalizia kwa heshima kubwa. Mchanganyiko unapimwa kwa uzito, kwa gramu na vipande vya gramu. Fundi anapuliza kibati kidogo cha majaribio, anakiacha kikauke kabisa, maana rangi mbichi na rangi kavu si moja, anakipeleka dirishani na kukiweka juu ya alama ya asili. Kwanza anauliza kama ni nyeusi mno au ni nyeupe mno. Kisha kama imeegemea upande wowote, kijani au wekundu. Mwisho kama ni kali mno au imepoa. Anarudi mezani na kuongeza tone moja la nyeusi, tone kweli, kwenye ncha ya kijiti. Anapuliza kibati kingine. Ukutani vibati vinajipanga, kumi, kumi na tano, ishirini, kila kimoja na namba yake kwa penseli nyuma, na mgeni akiingia ataapa kwamba vyote ni samawati moja.

Rangi za metaliki zina ugumu wake wa pekee. Kung'aa kwao kunatokana na vipande vidogo mno vya alumini vilivyotawanyika ndani ya rangi. Kabla alumini haijazoeleka, mng'aro huo ulitafutwa kwenye magamba ya samaki. Vipande vya zamani vilikuwa vidogo na vipole, vya leo vingi ni vikubwa na vinametameta, kwa hiyo kwanza ni kutafuta alumini iliyosagwa vya kutosha. Kisha kuna mkono. Ukipuliza tabaka bichi, vipande vinazama na rangi inatoka nzito. Ukipuliza kavu, kwa upepo mwingi, vinalala karibu na uso na rangi inatoka nyeupe zaidi. Kopo lilelile, bunduki ileile, magari mawili tofauti. Ndiyo maana fundi huitazama metaliki mara mbili, uso kwa uso na kwa ubavu, na akiwa hajaridhika hasemi rangi imekosewa mpaka ajiulize kama mkono wake ndio uliokosea.

Kazi yote hii inafanywa na watu waliofunika pua. Vumbi la rangi ya zamani lina risasi ndani yake. Rangi nyingi za kisasa zinazokomaa kwa kuchanganywa na kigumishi zina isosianati zinazoharibu mapafu, na anayezipuliza huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Wengi wa waliopuliza magari haya mara ya kwanza hawakuwa na ulinzi wa namna hiyo.

Kuna kishawishi kimoja ambacho naona ndicho kinachopima fundi kuliko ugumu wa kuchanganya. Zambarau ya Plum Crazy na machungwa ya EV2 zinatafutwa sana leo, na gari lenye rangi hizo huuzwa ghali. Lakini viwanda havikutoa zambarau tupu. Vilitoa kahawia nyingi, kijani za kukolea, rangi ya mchanga na dhahabu iliyofifia, kwa sababu watu wa mwaka 1970 walinunua gari la kwendea kazini. Kibati kinasema kahawia, duara la msasa linasema kahawia, na mwenye gari anasema anataka zambarau. Gari ni lake, fedha ni zake, na hakuna sheria inayomkataza. Wako mafundi wanaopiga zambarau na kuandika kwenye kumbukumbu za gari kwamba rangi imebadilishwa, nao ni waaminifu. Wako wachache wanaokaa na mwenye gari, wakamtoa nje na kile kibati cha majaribio cha kahawia, wakakielekeza kwenye jua la saa kumi jioni ili aone namna dhahabu inavyopanda kutoka ndani yake. Mimi niko na hao wachache. Magari ya zambarau tunayo ya kutosha. Yale ya kahawia, yaliyobeba watoto shuleni na vyakula kutoka sokoni, yanapungua kila mwaka kwa kupigwa rangi ambayo hayakuzaliwa nayo.

Rangi ikishapatikana, bado kuna swali la namna ya kuipuliza, na hapa jambo linakuwa gumu kulielewa kwa mtu aliyezoea kusifu kinachong'aa. Rangi za leo hupulizwa kwa hatua mbili: rangi yenyewe, kisha tabaka angavu juu yake linaloleta mng'aro wa maji. Magari haya ya zamani yalikuwa na rangi ya hatua moja. Laka ya akriliki ya General Motors ilipulizwa, ikasuguliwa kasoro zake, kisha gari likarudishwa kwenye tanuri mpaka laka ikalainika na kujisawazisha. Mng'aro wake ni mpole, unaonekana kutoka ndani. Enameli ya Ford na Chrysler ilitoka na uso wenye vipele vidogo kama ganda la chungwa, na pembeni pembeni ilikuwa nyembamba kwa sababu mtu alikuwa na sekunde chache kabla gari halijasogea. Fundi wa kisasa ana uwezo wa kutoa uso laini kama kioo. Anajizuia. Anapunguza mng'aro, anaacha vipele, anaacha mahali ambapo rangi ilipaswa kuisha taratibu kuelekea praima chini ya gari. Wapenzi wa Mustang hujua kwamba gari la 1965 lililotoka San Jose, California, na lililotoka Dearborn au Metuchen hayakufanana tumboni, na wanapiga tumbo kwa namna ya kiwanda chake.

Fred Simeone, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyeanzisha makumbusho ya magari huko Philadelphia, alitumia miaka mingi akiwasihi watu wasiguse kabisa rangi ya asili ikiwa bado imeshika, hata kama imepasuka na kuchakaa. Ninadhani alikuwa na haki. Rangi iliyopulizwa upya, hata ikilingana kwa kila taa, ni maelezo ya rangi ile. Mafundi ninaowasifu hapa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana wao ndio walioikaribia wakaona umbali uliobaki. Wanapopewa gari ambalo rangi yake bado inaweza kuokolewa, wengi wao hukataa kazi ya kupiga mpya na kumuuzia mwenyewe kopo la nta.

Gari ambalo halikuweza kuokolewa linapulizwa. Lakini siku ya kupuliza, kabla mlango wa chumba haujafungwa, fundi anarudi chini ya dashibodi na utepe wa karatasi na kufunika kile kipande cha bati nyuma ya droo, pamoja na alama ya chaki ya mkaguzi wa kiwanda iliyo kando yake. Kazi ikiisha anaubandua utepe. Samawati mpya imezunguka pande zote, samawati ya zamani iko katikati, na ukiwa na tochi nzuri utauona mpaka kati yao kwa shida. Anairudisha droo mahali pake na kukaza skrubu nne, asizikaze mno, ili anayekuja baadaye asipate taabu kuzifungua.